Nambari Iliyo Chini ya Kiti

Jumamosi iliyopita asubuhi simu yangu ililia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikanisalimu kwa ule utaratibu mrefu wa watu wa Kwale: hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya kazi. Aliporidhika kwamba sote tu wazima, akaniambia kwamba baba yake ametangulia mbele ya haki alfajiri ile, na kwamba maziko yatakuwa baada ya swala ya alasiri, kwao karibu na Msambweni. Nikamwuliza baba yake ni nani. "Ni Mwalimu," akasema, kana kwamba pwani yote ya kusini ina mwalimu mmoja tu. Nikajua ni yupi. Nilibaki nimekaa na kikombe mkononi, na jambo la kwanza lililonijia, naona haya kukiri, halikuwa huzuni bali aibu. Ninyi mnaonisoma kila wiki mmesikia kwangu habari za kina mama wa mwani wa Kibuyuni, za mashua za Funzi, hata za paka wa jirani yangu, lakini habari za Mwalimu hamjazisikia hata mara moja, na mimi nilikuwa na ahadi naye. Ahadi hiyo nitaifikia. Kwanza acheni niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kumwelewa.

Tulikutana Nairobi, bungeni, kwenye roshani wanakokaa wageni. Siku hiyo kulikuwa na mambo mawili kwenye ratiba. La kwanza lilikuwa hoja kuhusu walimu waliostaafu zamani, ambao nyongeza ya pensheni waliyokuwa wakiidai ilikuwa haijawafikia. La pili lilikuwa mswada wa kulinda mali ya umma, yaani viwanja vya shule na zahanati na vingine ambavyo hulala vikiwa vya wananchi na kuamka vikiwa vya mtu mmoja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya hilo la pili, kwa kuwa nilidhani huko ndiko kutakuwa na maneno makali ya kuandikia safu. Kando yangu walikaa wazee kama kumi waliosafiri pamoja kutoka Kwale, wengine wamevaa koti juu ya kanzu, wengine wamefunga tai. Kabla Spika hajaingia, mmoja wao, mwembamba, mwenye kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, iliyofuliwa mpaka ikawa laini, akainama ghafla na kichwa chake kikapotea chini ya kiti. Nilidhani ameanguka. Askari wa bunge naye alidhani hivyo hivyo, akaja haraka huku akijaribu kutotoa kishindo.

"Mzee, kuna shida?"

"Hakuna shida, mwanangu. Natafuta nambari."

"Nambari ya nini sasa?"

"Ya kiti. Kiti cha serikali hakikosi nambari. Hebu niangalizie, macho yangu haya hayanisaidii tena."

Askari akatazama huku na huku, kisha naye, na koti lake lote la kazi, akainama. Akakiona kibati kidogo kilichopigiliwa kwa ndani, akamsomea. Mzee akakipapasa kwa kidole, akaketi sawasawa na kunigeukia mimi, mtu asiyenijua, kama aliyetaka nisikose habari njema. "Alhamdulillahi," akaninong'oneza. "Hapa pana mtu anayeijua kazi yake." Nilijizuia nisicheke, nikashindwa, naye akacheka pia.

Basi mjadala ukaanza, na lazima niseme haki: ulikuwa mjadala mzuri. Wabunge walizungumza kwa hisia. Mmoja alimkumbuka mwalimu wake wa darasa la kwanza mpaka akatoa leso, na wazee wangu wakatikisa vichwa kwa heshima kana kwamba wako kwenye hitima. Halafu muda ukaisha, na tukaambiwa mjadala utaendelea siku nyingine. Ilikuwa hivyo tu. Nje, kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, Mwalimu alifungua kopo la mahamri aliyotoka nayo nyumbani, akanikaribisha, na hapo ndipo udadisi wangu uliponizidi. Nikamwuliza nambari za viti zinamhusu nini, mtu aliyesafiri siku nzima kufuatilia pensheni yake.

Akanieleza kwamba pamoja na kusomesha, alikuwa ndiye mwenye funguo za stoo ya shule yao kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Kila kiti, kila jembe, kila ramani ya ukutani, alikipaka nambari kwa rangi nyeupe na kukiandika kwenye daftari. "Sasa sikiliza," akasema. "Kitu cha shule kikichakaa, hukitupi. Wanakuja watu wawili watatu, wanakitazama, mnaandika kwamba kimechakaa, mnatia sahihi, ndipo kinafutwa kwenye daftari. Hata kiti cha miguu mitatu kina heshima yake. Leo humu ndani wamezungumza mambo mawili, la wastaafu na la mali ya umma. Mimi naona ni jambo moja. Na sisi tulikuwa mali ya umma. Ila sisi tumefutwa bila mtu kuja kututazama, na bila sahihi." Alilisema hilo bila uchungu, kwa sauti ya kumweleza mwanafunzi hesabu, kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa magazeti. Nikasema ndiyo. "Basi wakiendelea na huo mjadala, utanijulisha? Sisi kule habari hutufikia zimepoa." Nikamwambia bila shaka nitamjulisha. Akanitajia nambari yake ya simu polepole, akirudia kila tarakimu mara mbili, jinsi walimu wa zamani walivyosoma imla.

Miezi ikapita. Kazi fulani ikanipeleka Diani, na nilipoimaliza sikurudi Mombasa, nikashika njia ya Msambweni kwa sababu moja tu: nilitaka kuona nyumbani kwa mtu anayeinama chini ya viti. Nilimkuta uani, anasuka kamba. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni nani, kisha akaitambua sauti yangu. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kabisa na ukungu, na la pili lilikuwa njiani. Mtoto wa jicho, akasema, jambo la kawaida, daktari amesema linatibika kwa upasuaji mfupi, kinachongojwa ni uwezo. Nilijua uwezo huo unangojwa kutoka wapi, kwa hiyo sikuuliza. Akanichukua kunionesha shule. Hakuhitaji macho kwa njia ile. Ni shule ya msingi ya kawaida, ila uwanja wake unashuka mpaka karibu na ufuo, na kila upande hoteli na nyumba za wageni zimeshajipanga. Mwisho wa uwanja, upande wa bahari, kuna safu ya minazi iliyonyooka vizuri. Kijiji kizima huiita minazi ya Mwalimu.

Msomaji wa bara huenda asijue desturi yetu hii, kwa hiyo nitaieleza. Huku pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Unaweza kurithi mnazi, kuuza mnazi, hata kuuweka rehani, na shamba usiwe nalo. Wala hakuna karatasi. Mwenye mnazi hujulikana kwa kuwa nazi zinapoanguliwa hupelekwa kwake. Ndiyo maana mtu mwerevu anayetamani kiwanja kisichokuwa na hatimiliki, kama kilivyokuwa kile cha shule, haanzi na ardhi. Anaanza na minazi. Anainunua, anajenga kibanda cha mlinzi wa minazi, anaweka ua ili nazi zisiibwe, na ukija kuuliza baada ya miaka kadhaa, unaambiwa umeingia uani kwa mtu.

Broka mmoja wa ardhi alikuwa amekuja kwa Mwalimu na mdomo mtamu na mkono wa sukari na mchele. Mkewe Mwalimu ndiye aliyenisimulia, maana alikuwepo. "Akasema, 'Mwalimu, mimi ardhi siitaki, ardhi ni ya watoto. Nataka minazi yako tu. Weka kidole hapa, wiki ijayo uko hospitali unatengenezwa jicho.'" Mwalimu akamwambia minazi si yake. Alikuwa ameipanda na watoto wa darasa lake, ni kweli, lakini miche ilikuwa ya shule, na maji ya kisima cha shule. Broka hakubabaika. Akamwuliza, kwa upole kabisa, "Na nazi zake zilikuwa zikiletwa wapi?" Hapo Mwalimu akauona mtego. Kwa sababu miaka yote ile, kila mkwezi alipoiangua minazi ile, watu walikuwa wakimletea Mwalimu nazi nyumbani. Hakuna aliyewatuma. Ilikuwa heshima yao kwake, na yeye, mtu wa adabu, aliona kuzikataa ni kuwavunjia watu uso. Mkewe alizikuna, wakala wali wao, wakashukuru. Mtu aliyepaka nambari hata kwenye vifutio vya ubao alikuwa amesahau kuipaka minazi, na sasa kila kikapu cha nazi alichokipokea kilikuwa shahidi kwamba ni yake. Angeweza kuiuza siku ile ile, na kijiji kizima kingeapa kwamba ameuza halali.

"Mimi nilimwambia auze," mkewe akasema, na hakuwa na haya kulisema. "Nilimwambia, Mwalimu, serikali imekusahau, na wewe isahau minazi yake. Unapofuka mimi nikikuona. Akanijibu, 'Wakinisahau mimi, hilo ni kosa lao. Nikiisahau minazi, hilo litakuwa langu.' Nikalia, wallahi. Nilimkasirikia wiki nzima, nikampikia bila kusema naye." Nilimtazama mama yule na sikuweza kuamua ni nani kati yao niliyekubaliana naye. Mpaka leo sijaamua.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mwalimu aliomba ruhusa kwa imamu akasimama mbele ya watu. Aliyenisimulia ni mkwezi mwenyewe, mzee mwenzake ambaye bado anapanda. Alisema Mwalimu alianza kwa salamu, halafu akawaambia: "Jamaa zangu, minazi ile mnaiita yangu. Si yangu, ni ya shule. Nazi mlizoniletea nilidhani ni hisani yenu, kumbe nilikuwa nikila mali ya watoto, na nyinyi mkinilisha. Nazirudisha. Na yeyote atakayeitwa kutoa ushahidi, popote, aseme hivi nilivyosema leo." Mkwezi alisema kila mtu akawa anataka kusema jambo kwa wakati mmoja. Broka hakuonekana tena upande ule.

Sasa hapo wengi wetu tungesema basi, mambo yamekwisha, jina letu limesafika. Mwalimu alikaa na mkewe wakakadiria tangu minazi ilipoanza kuzaa ni nazi ngapi zilizoingia jikoni kwao, wakaongeza kidogo kwa shaka, na akaanza kuzilipa. Nyumbani alikuwa na minazi miwili ya kwake nyuma ya jiko. Ilipokuwa haitoshi, alinunua sokoni. Kila Jumatano alipeleka kikapu shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa ni mama kutoka bara, mchapakazi, na siku ya kwanza alijikuna kichwa. Aliniambia mwenyewe huku akicheka: "Nilimwuliza, Mwalimu, sasa mimi hizi nazi nitaziandika wapi? Hakuna hata mahali pa nazi kwa hii rejista. Akaniambia nipige mstari kwa rula, nianze ukurasa mpya. Na akangoja nipige." Nazi ziliingia kwenye maharagwe ya watoto, nao wakaizoea Jumatano kwa ladha yake. Nilipiga picha ya hali hiyo kichwani mara nyingi: mtu anayeidai serikali malipo ya maisha yake ya kazi, anatembea kwa kupapasa na kikapu begani, anailipa serikali hiyo hiyo nazi.

Niliondoka pale nimejaa. Aliponisindikiza barabarani aliniuliza, "Wameendelea?" Nikasema bado, wakiendelea nitakupigia. Baadaye alinipigia yeye, mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba sina habari mpya. Mara ya pili niliiona nambari yake nikaiacha simu ilie, kwa sababu bado sikuwa na habari mpya na niliona tabu kuisikia sauti ile ikishukuru kwa lolote. Nikajiambia nitampigia nikipata la maana. Wala sikuandika habari zake hapa, nikingoja ziwe na mwisho mzuri. Hiyo ndiyo ahadi niliyowaambia, na mnaona nilivyoitimiza.

Nilifika Msambweni jeneza limeshawekwa mbele ya msikiti. Mnajua utaratibu wetu: kabla ya kumswalia maiti, mtu wa nyumba husimama kuuliza madeni. Ndugu yake akasimama, akasema, "Mwenye kumdai marehemu, kikubwa au kidogo, ajitokeze sasa au atuone nyumbani, tuko tayari." Halafu mkono mmoja ukainuka kwenye safu za nyuma, na watu wote wakageuka. Alikuwa mkwezi. "Mimi simdai," akasema. "Nataka tu watu wajue. Zile nazi zimekwisha. Kikapu cha mwisho nilikipeleka mimi mwenyewe Jumatano hii, yeye akiwa kitandani, na akanituma nimletee neno kwamba kimeandikwa." Imamu akainamisha kichwa kidogo, kisha akatoa takbira. Nilisimama pale nikawaza kwamba tuna desturi ya kuuliza ni nani anayemdai maiti, lakini hatuna desturi ya kuuliza maiti anamdai nani. Ingekuwepo, mkono wa kwanza ungekuwa wangu, na nyuma yangu ungehitajika uwanja mkubwa kuliko ule wa msikiti.

Baada ya kuzika tulirudi nyumbani, na nilipopata nafasi nikamwendea mkewe kumpa pole. Nikamwambia ukweli: kwamba Mwalimu alinipigia nami sikuipokea simu. Nilitegemea ataniangalia kwa jicho baya, na ningestahili. "Aa, alikuwa anajua," akasema kwa utulivu ulionikata maini. "Kila nilipomwuliza vipi yule wa magazeti, alikuwa akiniambia, 'Hajapiga, basi bado wanajadili. Wakimaliza atapiga.'" Nikarudi mahali wanaume walipokaa na, bila kufikiri, nikakigeuza kiti nilichopewa. Kilikuwa kiti cha mbao, cha zamani, na chini yake palikuwa na nambari ya rangi nyeupe, nne ya kichwa wazi na saba iliyokatwa kiunoni, mwandiko wa ubaoni. "Vya shule hivyo," akaniambia binti yake, yule aliyenipigia asubuhi. "Baba aliacha maneno: vikiazimwa kwa maziko yangu, jua lisizame havijarudi."

Kwa hiyo tulivirudisha, kila mwanaume viti viwili, tukikata uwanja kando ya minazi ambayo sasa kila mti una nambari yake. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni mwa stoo na daftari. "Weka sahihi hapa, tafadhali," akaniambia, macho yake mekundu. "Huyu mzee alituharibu. Siku hizi siwezi kulala kama kitu kimetoka bila sahihi." Nikatia sahihi. Ukurasa wa mkabala ulikuwa ule wa mistari ya rula, na mwisho wake umeandikwa: nazi, zimepokewa, zimekamilika. Nikausoma mara mbili, na nikatokwa na machozi mbele ya mama wa watu.

Naamini ule mswada wa mali ya umma siku moja utapita, na nitaufurahia. Lakini nimejifunza kwa kuchelewa kwamba sheria ikishuka huku chini itamkuta mtu ameshatangulia kulinda, mtu anayejua mche ulitoka wapi na kiti ni cha nani. Mtu huyo ndiye yule yule tuliyemwambia angoje. Akiondoka hajalipwa, tunakuwa tumepoteza mali mbili kwa mpigo, na moja kati ya hizo haiwezi kupakwa nambari. Kwa hiyo kama na wewe una mzee wa namna hii anayekupigia simu, na huna jipya la kumwambia, pokea umwambie huna. Mimi wangu nimempigia leo, kwa njia pekee iliyobaki. Mwalimu, shikamoo. Niliahidi kukujulisha. Bado wanajadili.